Chumvi ya Tekla

Kibati cha namba kumi kilianguka mchana kweupe, na namba kumi haikuwa na waya.

Asiyezijua swichibodi za zamani hataona ubaya hapo, kwa hiyo nieleze kidogo. Ubao una matundu, kila tundu na laini yake, na juu ya kila tundu kuna kibati kidogo cha chuma. Mtu akikoroga mpini wa simu kule aliko, kibati chake kinaanguka, tak, na opereta anajua nani anaita. Laini isipokuwepo, hakuna wa kukiangusha. Namba kumi ilikuwa ya akiba. Nyuma yake palikuwa patupu.

Tekla alikiinua kwa ncha ya kidole. "Libe," alimwambia mumewe, "mashine yako inanichezea."

"Ni springi hiyo," Liberatus alijibu bila kugeuka, maana alikuwa amechutama na betri. "Imepanda lori toka Dar es Salaam. Hata wewe ungelegea."

Wakacheka. Walikuwa bado wageni katika ndoa, wanacheka kwa kila kitu. Lakini turudi nyuma kidogo, kwenye chumvi, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Liberatus alikuwa fundi simu, Mhehe wa Iringa, mtu wa mikono mizuri ambaye miaka yote alikuwa akishika ngazi wenzake wakipanda. Safari hii alipewa kituo chake peke yake: Rujewa, huko bondeni Usangu. Kazi yake ilikuwa kuandaa kila kitu kabla ya laini kuu ya Mbeya kuunganishwa. Ubao ukae sawa, betri zijae, kila mteja apewe namba yake na laini yake ijaribiwe, na ethi ipimwe, yaani ule waya unaozikwa ardhini. Mkubwa wake wa Mbeya alikuwa amemwahidi kwamba kituo kikiwaka bila kasoro, atabaki hapo kama msimamizi, na mkewe ataandikwa opereta. Kwa hiyo alimleta Tekla mapema ajizoeze. Alimwambia neno moja na kulirudia kila siku: "Kibati kikianguka, unaitikia. Huulizi ni nani, husubiri. Hiyo ndiyo kazi."

Sasa, laini za mashambani wakati ule zilikuwa na waya mmoja tu. Sauti ilikwenda kwa waya, ikarudi kwa ardhi. Tekla alipoelezwa hilo aliangalia miguu yake.

"Kwa hiyo tukiongea, maneno yetu yanapita chini ya kwato za ng'ombe?"

"Yanapita."

"Na waliozikwa wanatusikia?"

"Waliozikwa wana shughuli zao," alisema Liberatus.

Ethi inataka udongo wenye unyevu, na ule ulikuwa mwezi wa kumi, ardhi ya Usangu imepasuka nyufa za kuingia mguu. Kila alipopigilia chuma, mita ilikataa. Hatimaye aliona nyuma ya nyumba ya simu duara la majani mabichi, majani ya kijani kabisa katikati ya vumbi. Alichimba shimo, akasimika chuma, na hakuhitaji nyundo. Kilishuka chenyewe, kana kwamba kuna aliyekipokea huko chini. Mita ikakubali. Liberatus alifurahi hata akapiga mluzi. Kilichobaki ni kumwaga mkaa na chumvi kukizunguka chuma, kama mafundi wote wanavyofanya ili ethi ishike vizuri. Mkaa ulikuwepo. Chumvi ya kazi ilikuwa bado njiani, basi akachukua ya nyumbani, mkebe mzima.

Hapo alimgusa Tekla pabaya. Tekla alikuwa mtu wa chumvi tangu utotoni. Alilamba kiganjani kama watoto wanavyolamba sukari, na mboga iliyopungua chumvi kidogo aliisukuma pembeni.

"Umeulisha udongo chumvi yangu," alisema akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nitakununulia nyingine."

"Usiponunua, nitashuka humo nikailambe."

Alisema kwa utani. Wote wawili walijua ni utani.

Wakati huo huo alipita mama mmoja akichunga ng'ombe, jirani yao, Leokadia, mjane wa Maganga, Msukuma. Alikuwa mwembamba mwenye kauli fupi, fimbo begani.

"Mwangaluka, fundi," alisalimia.

"Kamwene, mama," Liberatus alimjibu Kihehe ili kumchokoza. Leokadia hakucheka. Alikuwa anaangalia shimo.

"Hapo palikuwa na kisima. Baba mkwe wangu alikichimba walipohamia huku na mifugo, na alikifukia mwenyewe."

"Ndiyo maana pana unyevu."

"Kilikuwa kinaita watu. Kwa majina yao, kwa sauti ya mtu wanayempenda. Wifi yangu Roza aliitikia." Alifukuza nzi. "Sisi mpaka leo, kwenye uwanja huu hatuitani majina. Hata ng'ombe simwiti. Chuma weka ukitaka, serikali ni yenu. Ila usiite mtu jina hapa."

Liberatus alimshukuru kwa heshima. Alijiambia kuwa yeye anazika chuma, haiti mtu, na chuma hakina jina. Fundi mzima, aliyetoka kumweleza mkewe kwamba sauti inarudi kwa ardhi, jambo hilo halikumjia kichwani hata kidogo.

Kesho yake alianza kujaribu laini. Alipanda baiskeli na simu ya majaribio mgongoni, akaenda kituo cha polisi, akaunganisha, akakoroga. "Tekla. Tekla. Unanisikia?" "Nakusikia, Libe." Akaenda zahanati. "Tekla, Tekla, hesabu moja mpaka tano." Akaenda misheni, akaenda dukani, akaenda kwa bwana shamba, na kila mahali alimwita mkewe kwa jina, mara nyingi, kwa sauti ya juu na iliyotamkwa vizuri, kama sheria ya kazi inavyotaka. Na kila mara jina lile lilipita kwenye waya, likazunguka, likarudi kwa chini, likapanda kwenye chuma kilichosimama kisimani.

Ndipo kibati cha namba kumi kilipoanza kuanguka.

Baada ya ile mara ya kwanza waliyoicheka, kilianguka tena, na tena. Liberatus alifungua mgongo wa ubao kutazama. Kwenye namba kumi hakukuta waya. Alikuta maji. Matone yalining'inia kwenye misumari ya shaba, na alipoyafuta kwa kidole na kunusa, yalinuka tope la kisima, harufu nzito ya majani yaliyooza, wakati nje ardhi ilikuwa kavu mpaka midomo inachanika.

"Umeitikia namba hiyo?" aliuliza.

"Si uliniambia niitikie," Tekla alisema. Aliteremsha sauti. "Hakuna anayesema kitu. Kuna mtu anapumua tu. Leo amepumua kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

"Kama unavyopumua ukiwa usingizini. Mimi nakujua."

Liberatus alimwambia aiache namba kumi. Kisha akaona imebaki laini moja tu, ya mashine ya mpunga, ya mbali kuliko zote, na mkubwa wa Mbeya alikuwa anakuja wiki ile ile. Akaona aende aimalize, halafu atashughulika na springi. Niseme ukweli, aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kurudi Iringa kushika ngazi.

Mashine ilikuwa inaunguruma alipofika, pumba zinaruka juani. Karani wa hapo, Danieli, alimwonyesha simu ukutani. Liberatus aliunganisha, akakoroga, akaweka chombo sikioni, na kabla hajafungua mdomo alimsikia mkewe anaongea na mtu.

"Uko wapi, Libe?" Tekla alikuwa anauliza.

"Niko nyuma ya nyumba," ilijibu sauti, na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, Liberatus, na kikohozi chake kidogo cha mwanzo wa sentensi, na namna yake ya kuburuza maneno aliyoichukua kwa baba yake, sauti ambayo hajawahi kuisikia kutoka nje ya kichwa chake na bado aliijua papo hapo. "Nimemwagiwa chumvi, Tekla. Inaniunguza. Nipokee."

"Nikupokee vipi?"

"Itika tu. Kila nikikuita, itika. Tekla."

"Naam."

"Tekla."

"Naam."

Na kila naam ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia, ikitoka mbali zaidi, ikiwa na mwangwi wa ukuta wa mviringo, wakati ile sauti nyingine ilikuwa inakaribia, inakauka, inakuwa ya mtu aliyekaa kitini ndani ya chumba, na Liberatus alifungua mdomo amwite mkewe amwamshe, jina likiwa tayari kwenye ncha ya ulimi, akakumbuka maneno ya Leokadia, akalimeza, akaona kwamba yuko maili kadhaa kutoka kwake akiwa na kitu kimoja tu cha kumwokolea na kitu chenyewe ndicho kinachomzamisha.

"Vua hedifoni," alisema kwa mnong'ono. "Mke wangu, nakuomba. Vua, toka nje."

Halafu Tekla, kwa mshangao wa mtoto: "Libe, mbona mko wawili?"

Danieli karani alimwona fundi akiacha simu inaning'inia na kuondoka na baiskeli bila kuaga, na alisema baadaye kuwa simu ile iliendelea kuitika naam peke yake mpaka alipoing'oa.

Liberatus alimkuta mkewe amekaa wima mbele ya ubao, hedifoni kichwani, macho wazi. Midomo ilikuwa inatamka naam bila sauti. Sakafu ya saruji chini ya kiti ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yanatanuka polepole. Liberatus alizishika hedifoni azivue, na Tekla akalia kilio cha mtu anayechunwa ngozi, naye Liberatus akaziachia. Alichomoa kamba zote za ubao. Vibati vikaanguka vyote, kimoja baada ya kingine, polisi, zahanati, misheni, duka, na yeye bado anaitika. Alijaribu kumbeba, na kiti hakikunyanyuka.

Alimkimbilia Leokadia malishoni. Mama yule alimwangalia tu usoni, akamwachia ng'ombe mjukuu wa jirani, akapita kwake kuchukua chumvi, akaja. Hakuja na tunguri wala ngoma. Alivuta kigoda akaketi mbele ya Tekla magoti yakigusana, akamtazama muda mrefu.

"Bado yupo nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Fundi, nisikilize vizuri. Chuma chako ndiyo mlango. Tutaukata huo waya, lakini si sasa. Nitamlambisha chumvi hii mpaka yeye mwenyewe aniombe nyingine. Vitu hivi havili chumvi. Akiomba, ujue ni yeye aliyerudi, na hapo tunakata."

"Tukate sasa hivi, mama. Kwenye kazi yetu kukiwa na hatari, kwanza unakata, halafu ndiyo unauliza."

"Ukikata mapema, kila mmoja anabaki upande aliopo. Roza walimvuta mapema. Tuliishi na aliyetoka, akatupikia, akazaa. Hakuweka chumvi ulimini mpaka tunamzika." Alimshika mkono. "Nenda kasimame kwenye shimo. Usifuate sauti yoyote. Nitakuja kukuambia mimi, kwa miguu yangu. Umenielewa?"

Alielewa. Alisimama nyuma ya nyumba na plaizi mkononi, waya wa ethi ukiwa umekamatwa kati ya meno ya plaizi hiyo. Jua lilikuwa linawaka. Upepo wa mchana ulipeleka vumbi uwanjani, lakini majani ya duara lile hayakutikisika. Kutoka dirishani alisikia Leokadia akisema taratibu, "Lamba, mwanangu. Lamba kidogo." Kisha hakusikia tena, na alisubiri, na jasho likamwingia machoni, na chuma kikaanza kutetemeka chini ya waya, kidogo kidogo, kama mtu anayekwaruza kwa kucha kutoka mwisho wa pili, na katikati ya kukwaruza huko ikatoka dirishani sauti ya Tekla, sauti nzima, ya karibu, yenye machozi.

"Libe, mume wangu. Nimelamba. Nimeomba na nyingine. Mama anachelewa, miguu yake mibovu, na mimi kinanivuta tena. Kata, Libe. Unangoja nini? Unaniacha?"

Alijua alivyoambiwa. Mpaka uzee wake hakuwahi kudai kwamba alisahau. Lakini mikono ya fundi ina mazoea yake, na mke ni mke. Alikata.

Chuma kikatulia. Leokadia alitokeza kwenye kona ya nyumba akikimbia, miguu haina ubovu wowote, na alipouona waya umelala pande mbili alisimama. Alifungua kiganja. Chumvi ilikuwepo yote.

"Nani kakwambia?" aliuliza polepole.

Kabla Liberatus hajasema neno, Tekla alikuwa anakuja nyuma ya mama yule, peku, anatabasamu, anajinyoosha viungo kama mtu aliyeamka.

"Nina njaa," alisema. "Twende nyumbani, Liberatus."

Leokadia alimnyooshea kiganja. Tekla alikitazama, akageuza uso. "Mikono yako ina samadi, mama." Na kweli ilikuwa na samadi, kwa hiyo Liberatus alishika hilo kwa nguvu zote. Mama yule aliifunga chumvi yake kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Tangu siku ile alipitisha ng'ombe njia nyingine.

Kituo kiliwaka. Ethi mpya ilizikwa karibu na mfereji wa mpunga, na lile shimo la zamani Liberatus alilifunika kwa saruji kwa mkono wake. Mkubwa wa Mbeya alimsifu mbele za watu. Baadaye alihamishiwa Iringa, akapanda cheo, wakapata mtoto wa kike wakamwita Yudith, na hapo mkewe akawa mama Yudith kama ilivyo kawaida, kwa hiyo hakuna jirani aliyegundua kwamba mwanamume yule hamwiti mkewe jina. Alikuwa mke mwema. Alifua, alicheka, alimpenda mwanawe. Chakula chake tu hakikuwa na chumvi. Alimtilia mumewe pembeni kwenye kikaratasi, achanganye mwenyewe. Alimwita Liberatus, jina zima, kila siku. Libe haikutoka tena mdomoni mwake.

Siku moja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, Liberatus alikuwa Iringa mjini anaandaa ubao mpya, mkubwa. Laini zilikuwa bado hazijaingizwa. Mvua ya mchana ilikuwa inanyesha. Alikuwa anafuta vumbi kwenye safu ya mwisho, safu tupu, kibati kikaanguka, tak.

Alikitazama. Akanusa tope.

Hakuna aliyemlazimisha. Lakini alikuwa amewafundisha wengi kwamba kibati kikianguka unaitikia. Alichomeka kamba, akavaa hedifoni.

"Iringa, naam."

"Libe," ilisema sauti, ndogo, ya mbali, imekwaruzika. Liberatus alikaa chini. "Libe, nilidhani hunisikii. Nimekuita kwa kila waya. Huku ni chumvi tupu, mume wangu, ile uliyomwaga. Nina kiu. Sina pengine pa kusogea." Sauti ilipumua. "Niite tu. Mara moja, kwa jina langu, nijue njia iko wapi. Aliyepo hapo atarudi kwake."

Jina lilimjaa mdomoni. Machozi yalimtoka bila yeye kuyazuia, na alikuwa ameshafungua midomo alipoinua macho. Mlangoni alisimama mama Yudith na kikapu cha chakula, mvua ikimtiririka, na Yudith ameshika sketi yake, amelala shavu kwenye paja la mama yake. Haijulikani walisimama hapo tangu lini.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kwa upole.

Mtoto alimtazama baba yake. Kwenye hedifoni, mtu alikuwa anasubiri.

"Hakuna mtu," Liberatus alisema. Alichomoa kamba, akainua kibati. "Ni springi hiyo."

Mama Yudith aliweka kikapu mezani, akafungua wali, akamwekea kikaratasi cha chumvi pembeni. Kibati kilianguka. Alikitazama, akamtazama mumewe, hakukasirika.

"Ndiyo," alisema. "Springi." Alinyoosha kidole, akakiinua mwenyewe, akakibana hapo mpaka Liberatus alipomaliza kula.